SOMO: Kupima shule ya msingi ya mtaani kabla ya kuandikisha mtoto (Lubumbashi)

Wazazi wa Kalebuka, Luwowoshi, Kasapa na pembezoni zingine, masomo yakikaribia kufunguliwa swali ni lilelile: mtoto aende shule ya karibu, ao tumpakie teksi-basi kila asubuhi mpaka mjini? Rai yangu naitoa mapema. Jina la shule na rangi ya ukuta havisemi kitu. Angalia kelasi atakayoingia, mwalimu atakayemfundisha, na kaye (daftari) za watoto wa pale.

Hatua ya 1: Jua shule ni ya nani. Wengi wanafikiri shule ya Katoliki ni ya binafsi. Ikiwa ni ya konvansione, yaani ya mkataba kati ya kanisa na Serikali, ni ya umma. Mobutu alizitaifisha shule za dini mwaka 1974, halafu mkataba wa 1977 ukazirudisha chini ya usimamizi wa makanisa, mishahara ya walimu ikibaki kwa Serikali. Kwa hiyo gratuité (masomo ya msingi bure) iliyoanza Septemba 2019 inazihusu pia, sawa na zile za Serikali moja kwa moja, maana Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inataja shule za umma zote.

Hatua ya 2: Azima kaye. Hapa ndipo pa kukaa sana. Omba jirani mwenye mtoto kwenye kelasi hiyohiyo akuonyeshe kaye za hesabu na za Kifaransa. Soma tarehe kwanza. Kukiwa na wiki nzima bila kitu, uliza kulikuwa na nini: mgomo, mwalimu kukosekana, ao mvua? Halafu tafuta wino mwekundu. Alama ya "vyema" juu ya hesabu yenye kosa inaonyesha kwamba mwalimu hakusoma. Angalia pia kama mtoto anaandika sentensi zake mwenyewe, ao ananakili ubao tu.

Mwisho, mpe mtoto wa kelasi ya tatu wa shule hiyo aya fupi ya Kiswahili ambayo hajawahi kuiona. Miaka ya kwanza programu inataka afundishwe kwa lugha yetu, na asipoisoma hiyo, Kifaransa cha mbele kitamshinda. Mwambie asome polepole, usimtishe. Haina mtihani.

Hatua ya 3: Uliza nani analipa mwalimu. Wengi wanaona haya kuuliza swali hili, lakini direkta mwaminifu atajibu. Kuna walimu walioingia kwenye orodha ya mshahara, na kuna wanaoitwa "nouvelles unités", wanaofundisha huku wakingoja kuingizwa. Zamani wazazi waliwabeba kwa prime, pesa waliyowachangia walimu. Prime ilipoondolewa kwenye shule za msingi, mwalimu asiye na mshahara akabaki na shamba, biashara ndogo, ao wito wake tu. Simlaumu. Ila kama ndiye atakayemshika mtoto wako, ujue kwa nini siku zingine kelasi inabaki peke yake.

Hatua ya 4: Hesabu vichwa, na ujue vakasyo (zamu ya masomo). Nenda siku ya kawaida, haina siku ya sherehe. Tangu 2019 shule nyingi zimejaa, watatu wanne kwenye benchi moja. Zingine zina vakasyo mbili, asubuhi na mchana. Kwetu mvua za Novemba mpaka Machi zinapenda mchana, na bati lisilo na dari likipigwa, mwalimu hasikiki. Ukipewa kuchagua, chukua asubuhi.

Hatua ya 5: Usidanganywe na asilimia. Bango la "Enafep 100%" (Enafep ni mtihani wa taifa wa kumaliza msingi, kelasi ya sita) linasema waliofanya walifaulu. Uliza: kelasi ya tano mwaka uliotangulia walikuwa wangapi, na ni wangapi walioandikishwa kwa mtihani? Wakipungua sana, dhaifu huenda walishauriwa wahame.

Njia ya kwenda nayo itembeeni na mtoto mwenyewe, hasa kama kuna barabara ya malori ya kuvuka.

MASWALI YA WAZAZI

Mama wa Kalebuka: Yaya, ku masomo ya hapa karibu batoto ni bengi mingi mu kelasi moya. Ile ya binafsi kule ku barabara iko na batoto kidogo, lakini bwana yangu anasema bei ni kali. Nifanye namna gani?

*Jibu:* Mama, uchache wa watoto haumfanyi mwalimu kuwa bora. Fanya hatua ya 2 kwa shule zote mbili. Kaye zikifanana, baki hapo karibu, na sehemu ya ile pesa lipa mwanafunzi mkubwa wa mtaani amsomeshe mtoto jioni.

Baba wa Ruashi: Mbona direkta anatuomba pesa wakati tunaambiwa msingi ni bure?

*Jibu:* Baba, iniforomu na kaye ni zetu, hakuna ubishi. Pesa ingine yoyote, omba risiti na uulize Copa (kamati ya wazazi ya shule) kama kuna mkutano wa wazazi uliopitisha. Ikikosekana, nendeni wazazi kadhaa pamoja sous-division (ofisi ya elimu ya eneo), mkiwa na karatasi. Msimgombeze mwalimu mbele ya watoto. Sekondari ni mambo mengine, kule ada bado zipo.

Mama aliyetoka Bukavu: Tulikimbia bila buletini. Mtoto alikuwa kelasi ya nne. Watamrudisha nyuma?

*Jibu:* Pole sana, mama. Jaribu kumpata mwalimu wake wa zamani kwa simu, akutumie picha ya buletini ao ya rejista. Kama una kaye hata moja, ileta. Omba direkta ampime kwa kuandika na hesabu kabla ya kuamua kelasi, na umuombe afanye hivyo wewe ukiwapo.

Baba wa Kasapa: Na direkta akikataa nisiingie kuona kelasi?

*Jibu:* Ana haki ya kulinda masomo yasivurugwe. Mtafute mwanachama wa Copa akuombee siku. Wakikataa hata baada ya hapo, andikisha pengine.