Namna ya Kuomba Uzamivu wa Uhandisi wa Kemikali na Biomolekuli Marekani

Mhitimu wa uhandisi wa kemikali wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Moi anayetaka kusomea uzamivu Marekani kwa kawaida huanza kwa kuulizia chuo chenye jina kubwa. Mimi namshauri aanze na tatizo ambalo yuko tayari kuhangaika nalo kwa takriban miaka mitano, kisha atafute ni nani wanaolishughulikia.

Idara za vyuo vikuu vya Marekani kama Berkeley, Georgia Tech na Delaware ziliongeza neno «biomolekuli» kwenye majina yao kwa sababu mhandisi wa leo, pamoja na kusanifu minara ya kukeneka, yaani ya kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha, husanifu pia chembehai na vimeng'enya. Mwaka 2006 kundi la Jay Keasling wa Berkeley lilitangaza kwamba limeiwezesha hamira kutengeneza asidi ya artemisiniki, ambayo hugeuzwa kuwa artemisinini, dawa ya malaria ambayo hadi wakati huo ilitegemea mmea. Kufikia mwaka 2013, watafiti walioiendeleza kazi hiyo walikuwa wakipata gramu 25 za asidi hiyo kwa lita. Jeni peke yake zisingewafikisha hapo, kwani ilibidi pia wabuni upya namna ya kuilisha hamira na kuweka tabaka la mafuta la kuipokea asidi iliyokuwa ikijitenga kwa fuwele. Ukiisoma taarifa kama hiyo ukajikuta unataka kujua mafuta yale yalichaguliwaje, basi fani hii inakufaa.

Soma makala za karibuni za kila idara unayoifikiria, na usiombe mahali ambapo huoni angalau wahadhiri watatu ambao ungefurahi kufanya kazi nao. Katika idara nyingi za fani hii, anayepokea mwanafunzi ni kamati, na msimamizi hupatikana baadaye, mara nyingi katika muhula wa kwanza. Anayemtegemea profesa mmoja anaweza kufika akakuta nafasi katika maabara yake imejaa.

Jambo linalowachelewesha wengi wetu ni kudhani kwamba lazima kwanza upate shahada ya uzamili. Idara nyingi za Marekani hupokea wanafunzi wa uzamivu wenye shahada ya kwanza tu, huwalipia ada na kuwapa posho kwa kazi ya utafiti au ya kusaidia kufundisha, ilhali anayesomea uzamili mara nyingi hujilipia mwenyewe. Mtu asiye na fedha na anayependa utafiti kwa dhati aombe uzamivu moja kwa moja.

Waliosomea kemia, biolojia au uhandisi mwingine wasikate tamaa. Frances Arnold, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018, alisomea uhandisi wa mitambo na anga katika shahada ya kwanza kabla ya kupata uzamivu wa uhandisi wa kemikali Berkeley mwaka 1985. Hata hivyo watalazimika kuziba pengo la mizania ya maada na nishati, thamodinamiki, kinetiki na uhamishaji wa joto na maada, na ni vyema waanze mapema.

Barua ya malengo (statement of purpose) ndiyo inayostahili muda wako mwingi kuliko kitu kingine. Sentensi ya «tangu utotoni nimeipenda sayansi» haiielezi kamati chochote. Linganisha na hii: «Nilichachusha molasi kwa hamira ya mikate, nilipopandisha sukari kutoka gramu 150 hadi 250 kwa lita, uchachushaji ulisimama kabla sukari haijaisha, lakini nilipoilisha kidogo kidogo uliendelea, nikashuku kwamba kilichoizuia hamira ni wingi wa sukari mwanzoni.» Hapa msomaji anamwona mtu anayepima, anayekwama na anayefikiri, na haijalishi kwamba maabara yake ilikuwa na vifaa vichache.

Wadhamini, yaani wanaokuandikia barua za mapendekezo, huwa watatu. Mchague aliyekuona ukifanya kazi, hata kama ni mhadhiri kijana, badala ya mkuu wa kitivo anayekujua kwa alama tu. Mwombe miezi miwili kabla, na umpe rasimu ya barua yako na tarehe za mwisho, ambazo kwa idara nyingi huanguka Desemba au mwanzoni mwa Januari. Idara nyingi zimeacha kudai GRE, mtihani sanifu wa kuombea masomo ya juu Marekani, na baadhi ya vyuo huwasamehe mtihani wa Kiingereza waliofundishwa kwa lugha hiyo, kwa hiyo soma masharti ya kila chuo kabla ya kulipia mtihani wowote. Ada ya maombi nayo, omba msamaha wake kabla hujatuma fomu.

Ukikubaliwa, hakikisha barua ya ufadhili inasema posho ni ya miezi 9 au 12, uilinganishe na kodi ya nyumba ya mji husika, na uwaulize wanafunzi wa maabara unayoitaka, bila msimamizi kuwepo, waliotangulia walimaliza baada ya miaka mingapi. Vyuo vingi vimekubaliana kutomlazimisha mwombaji kujibu ahadi ya ufadhili kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa hiyo una muda wa kusubiri majibu ya kwingine.