Jinsi ya Kupima Hatari za Kifedha Kabla ya Kuhamisha Timu ya Hoki ya Barafuni

Timu ya hoki ya barafuni inayopata hasara haiponi kwa kubadilishiwa mji tu. Winnipeg Jets waliondoka Kanada mwaka 1996 wakaenda Phoenix, Marekani, wakaitwa Coyotes, na matatizo ya fedha yakawaandama kutoka uwanja mmoja hadi mwingine mpaka mwaka 2024, wachezaji wao walipohamishiwa Salt Lake City. Mwongozo huu ni wa mnunuzi, mshauri wake wa fedha, na diwani wa mji unaotamani kuipokea timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada.

Anza na mkataba wa uwanja, hata kabla ya hesabu za timu. Angalia ni nani anayechukua fedha za maegesho, vyakula na vinywaji, vyumba vya wageni wa heshima, mabango ya matangazo na haki ya kuupa uwanja jina, kwa sababu timu inayoachiwa viingilio peke yake inaweza kujaza viti na bado ikamaliza msimu na deni. Kisha nenda ukakae kwenye viti vyenyewe. Uwanja wa kwanza wa Coyotes ulijengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu, na kwa kuwa barafu ya hoki ni ndefu zaidi, waliokaa juu upande mmoja hawakuliona goli lililokuwa chini yao, hivyo tiketi zao zikauzwa kwa bei ya kutupa. Uwanja mpya wa Glendale, mji jirani wa Phoenix, uliofunguliwa mwaka 2003, ulitatua tatizo hilo, lakini uko magharibi ya Phoenix ilhali mashabiki wengi wenye uwezo waliishi mashariki, na safari ya jioni ya siku ya kazi ikawachosha. Salt Lake City nayo iliwapokea wachezaji hao katika uwanja wa kikapu, Delta Center, wenye viti takriban 11,000 tu vinavyoona barafu yote. Ndiyo maana gharama ya ukarabati ilikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo, na jiji likaidhinisha nyongeza ya kodi ya mauzo ya hadi nusu asilimia.

Hatua inayofuata ni kuibadili bei ya ununuzi iwe idadi ya viti. Atlanta Thrashers walipohamishiwa Winnipeg mwaka 2011, bei iliyoripotiwa ilikuwa dola milioni 170, na kati ya hizo milioni 60 zilikuwa ada ya kuhama iliyokwenda kwa ligi, fedha ambazo hazikununua mchezaji hata mmoja. Chukulia umekopa dola milioni 100 kwa riba ya asilimia 8: utadaiwa milioni 8 kila mwaka. Ukizigawa kwa mechi 41 za nyumbani, ni takriban dola 195,000 kwa mechi, yaani, kwa tiketi ya dola 60, viti 3,250 kila usiku kwa ajili ya riba peke yake. Mishahara nayo haishuki kwa kuhama, kwa kuwa ligi imeweka kiwango cha chini ambacho kila timu lazima ikifikie. Kama mji mpya uko Kanada, ongeza hatari ya sarafu: mapato huingia kwa dola ya Kanada, ilhali wachezaji hulipwa kwa dola ya Marekani.

Usihesabu ruzuku ya serikali kama mapato ya kudumu. Glendale ililipa dola milioni 25 kwa msimu, kwa misimu miwili, ili timu isiondoke, kisha mwaka 2013 ikaingia mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 15 kwa mwaka. Miaka miwili baadaye baraza la jiji likapiga kura kuuvunja. Mwaka 2023 wapiga kura wa Tempe, mji mwingine jirani wa Phoenix, nao waliukataa mradi wa uwanja mpya wa Coyotes. Kwa maoni yangu, fedha za umma ambazo kura moja inaweza kuziondoa ziandikwe kwenye safu ya hatari.

Kipindi cha mpito pia kina bei yake. Hartford Whalers walilipa dola milioni 20.5 ili waachiwe kuondoka Hartford mwaka 1997, lakini uwanja wao mpya wa Raleigh haukuwa tayari, wakacheza misimu miwili Greensboro, mbali na mji waliouendea, huku viti vya juu vimefunikwa kwa mapazia. Aidha, ligi inaweza kukukatalia kabisa: mwaka 2009 mfanyabiashara wa Kanada Jim Balsillie aliahidi dola milioni 212.5 kuinunua Coyotes iliyokuwa mahakamani kwa kufilisika, kwa sharti la kuipeleka Hamilton, Kanada; ligi ikampinga, na jaji akalikataa ombi lake. Kununua kabla ya kibali ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hatimaye, dai ahadi za tiketi za msimu zilizotiwa saini. Winnipeg iliuza 13,000 mwaka 2011, kwa mikataba ya miaka 3 hadi 5. Kufikia mwanzoni mwa 2024 zilikuwa zimebaki takriban 9,500. Andaa basi bajeti ya mwaka wa sita, ahadi za kwanza zitakapokuwa zimekwisha, na uhesabu ndani yake tiketi pungufu kwa robo kuliko ulizouza mwaka wa kwanza.