Kuutambua uyoga: anzia uani kabla ya msituni

Ukitaka kujifunza uyoga wa porini, usianzie porini. Mimi natunza bustani za watu Nyali, Mombasa, na darasa langu limekuwa kwenye nyasi, mashina ya miembe na magogo yaliyotupwa nyuma ya banda la jenereta. Uani unauona uyoga uleule ukichipuka, ukifunguka na kuoza, na hapo ndipo jicho linapozoea. Msituni utakutana na sampuli nyingi kwa mpigo na hutakumbuka hata moja.

Hapa tunajifunza kutambua tu. Habari ya kula tuiweke kando. Kuushika uyoga hakudhuru, hata ule wenye sumu kali. Sumu huingia kwa kumezwa. Nawa mikono, basi.

Wakati wake ni masika, kuanzia Aprili hadi Juni, kisha vuli, Oktoba hadi Desemba. Toka siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, asubuhi, kabla jua halijakaza. Adhuhuri uyoga laini umeshanyauka au umejaa funza. Beba kisu, magazeti ya kufungia, simu ya picha na kipakacha. Ukiufunga ndani ya plastiki unatoa jasho na kuoza kabla hujafika nyumbani.

Wanaoanza huuliza rangi kwanza. Rangi hudanganya, maana mvua huiosha na jua huififisha. Uliza umeota wapi: juu ya gogo, ardhini, kwenye kinyesi cha ng'ombe au kwenye kichuguu? Kama ni ardhini, chini ya mti gani?

Wa magogo ndio rahisi. Kwenye gogo kavu la mwembe utaona vipande vidogo vyeupe vya kijivu vyenye manyoya juu, na chini mikunjo iliyopasuka katikati. Huo ni Schizophyllum commune. Wa rangi ya chungwa kali, mgumu na mwembamba, unaopenda gogo lililopigwa na jua, ni Pycnoporus. Wa kahawia, laini, wenye umbo la sikio la mtu, ni Auricularia. Ukiona kwenye shina la mvinje rafu ngumu nyekundu inayong'aa, na majani ya chini yake yamefunikwa vumbi la rangi ya kakao, huo ni Ganoderma. Huo huwa namwonyesha mwenye nyumba siku hiyohiyo, kwa sababu unaozesha mizizi na mti unaweza kuangukia paa.

Ardhini mambo hubadilika. Usiung'oe, uchimbe na udongo wake, maana alama kubwa imejificha chini. Uyoga wa jamii ya Amanita una kifuko kwenye kitako cha shina, na mingi ina pete juu yake. Anayeukata shina kwa juu ameuacha ushahidi ardhini. Na jamii hiyo ndiyo yenye uyoga unaoua: maumivu huanza baada ya muda wa saa 6 hadi 24, mgonjwa hutapika na kuhara, kisha huonekana amepata nafuu huku ini linaharibika. Kuupika hakuiondoi sumu hiyo.

Sasa fanya kazi ambayo wengi huiruka, na kwangu mimi inashinda zote: kuchukua vumbi la spora, yaani chembe za uzazi zinazodondoka kutoka kwenye mikunjo iliyo chini ya kofia. Kata shina, laza kofia kwenye karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, mikunjo ikitazama chini. Dondoshea tone la maji juu, funika kwa bakuli, zima pangaboi, uache hadi asubuhi. Vumbi litachora umbo la mikunjo kwa rangi yake halisi.

Mama mmoja ninayemtunzia bustani aliniita baada ya mvua ya Mei. Nyasi zake zilijaa uyoga mkubwa mweupe, magamba ya kahawia juu ya kofia, pete inayoteleza kwenye shina.

"Baba Salma, huu si ule wa supamaketi?"

"Ngoja kesho, mama."

Asubuhi karatasi ilikuwa ya kijani. Uyoga wa supamaketi, Agaricus, hutoa vumbi la kahawia iliyokolea. Kijani ni Chlorophyllum molybdites, na huo utakutapisha na kukuharisha vibaya. Ukiwa mchanga mikunjo yake ni myeupe bado, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Vumbi jeupe linakuelekeza Amanita, ingawa jamii nyingine nyingi hutoa jeupe pia, ukiwemo ule mdogo wa manjano unaochipuka kwenye vyungu vya maua barazani, Leucocoprinus birnbaumii. Waridi hupatikana kwa Volvariella, ambao nao una kifuko kitakoni, na kwa uyoga wa vichuguu.

Huo wa vichuguu, Termitomyces, shangazi yangu wa Kwale huuchuma kila masika. Mchwa huulima kuvu wake ndani ya kichuguu, ndiyo maana ukichimba unakuta mzizi mrefu ukishuka hadi kwenye viota vyao. Shangazi anavijua vichuguu vyake kwa miaka mingi; maarifa hayo hayahamii kwako kwa kusikia. Na akikwambia mtu kwamba thomu ikigeuka nyeusi sufuriani ndiyo sumu, au tumbili akila nawe ule, mwache na maneno yake. Vivyo hivyo programu za simu: tumia iNaturalist kupata jina la kuanzia, usiitumie kuandaa chakula. Mtu akishaula akaumwa, mpeleke hospitali mara moja na mabaki ya uyoga kwenye karatasi.

Jicho likishazoea, nenda Bamburi, Haller Park, hifadhi iliyo kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Machimbo hayo yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971, na jongoo wakaletwa kuyasaga majani yaliyodondoka. Baada ya mvua inama utazame matabaka hayo ya majani. Shimba Hills ifuate. Kote huko piga picha ya juu, chini na pembeni, uuache ulipo. Kwenye kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zilizoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, huingii bila ruhusa ya wazee, na ukishaingia hutoki hata na kijiti.