Diski Ihame, Windows Ibaki

Wateja wangu wengi ni wenye steshenari za Sinza na Manzese, Dar es Salaam: fotokopi, kadi za harusi, barua za kuomba kazi. Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo wanashuka Kariakoo kutafuta CPU nyingine inayokubali Windows 11 (sanduku zima hapa mjini tunaliita CPU, wenye vyeti watusamehe), kisha wananiletea zote mbili: "Fundi, hamisha diski." Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani ukiwa na bisibisi ya nyota. Ila inaanzia dukani, kabla hujatoa pesa.

Mwambie muuzaji afungue kava. Usione haya, mashine ni yako muda si mrefu. Angalia kama kuna nafasi ya diski ya pili, kebo ya data na kebo ya umeme. Kwenye mashine nyingi za ofisini za Dell na HP za miaka ya karibuni, umeme wa diski unatoka kwenye mazabodi (ubao mkuu wa ndani) kwa plagi ndogo ya aina yake, kwa hiyo kebo ya kawaida ya duka la jirani haitaingia. Ikiwa haipo, idai hapohapo. Ukirudi kesho utauziwa.

Tazama na prosesa, yaani ubongo wa mashine. i5-6500 ni kizazi cha sita, i5-8500 ni cha nane, na kwa Intel orodha rasmi ya Windows 11 karibu yote inaanzia hicho cha nane. Ukinunua cha sita kwa sababu ni bei rahisi, umehama chumba tu, nyumba ni ileile.

Sasa washa mashine ya zamani ingali hai. Jua kipi kiko wapi: kwa kawaida Windows iko C na kazi za wateja ziko D (ndizo herufi ambazo Windows inazipa diski), lakini mtu akiwa na haraka anatupia kila kitu kwenye desktopu, na desktopu iko C. Nakili hivyo kwenye diski ya nje, pamoja na vilivyoko D ambavyo huwezi kuvipoteza. Kwa tundu la USB 2, ambalo kwa kawaida linapitisha megabaiti 30 hivi kwa sekunde, gigabaiti 500 zitakula saa nne na nusu au zaidi. Kwa hiyo weka UPS (betri ya akiba), au fanya usiku ambao mtaa wenu haukatiwi umeme.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows linaloficha data), izime BitLocker hiyo kabisa kwanza kwenye mashine ya zamani na usubiri imalize. Bila hivyo mashine mpya itakudai ufunguo wenye tarakimu 48, na hapo ndipo watu wanakumbuka kwamba akaunti ya Microsoft ilifunguliwa na kijana aliyeacha kazi. Ukishamaliza, zima huku umeshikilia Shift. Windows ya kisasa ikizimwa kawaida inalala nusu, na diski iliyolala nusu ikiamshiwa kwenye mashine nyingine inaweza kuleta vurugu.

Kuhusu ile diski yenye Windows yenyewe, ushauri wangu ni kutoihamisha kama diski ya kuwashia. Najua inawezekana na wapo wanaofanikiwa. Lakini leseni iliyokuja na mashine imefungamana na mazabodi yake, mashine za zamani nyingi zinawaka kwa mtindo wa kale uitwao BIOS wakati mpya zinataka ule wa kisasa, UEFI, na mpangilio wa AHCI au RAID (namna mashine inavyoongea na diski) ukitofautiana unapokelewa na skrini ya buluu. Acha mashine mpya iwake kwa Windows yake. Diski ya kazi ndiyo ihame.

Kufungua ni kazi fupi. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki utoke, kisha gusa chuma kitupu cha kava kabla ya kugusa diski. Zima feni ya juu, skrubu zisije zikapeperuka na karatasi. Skrubu zenyewe usizichanganye: diski kubwa ya inchi 3.5 inatumia zenye nyuzi pana, ndogo ya inchi 2.5 inatumia nyuzi nyembamba. Ikigoma kuingia kwa vidole, siyo yake. Na kama pawa saplai yako ina kebo za kuchomoka, kebo za ile ya zamani zibaki nayo. Umbo linaweza kufanana huku volti zimepangwa tofauti, na diski inaungua mara moja.

Ukishawasha, diski inaweza isionekane au ionekane kwa herufi ngeni. Mama mmoja wa Manzese aliniita akihema, programu yake ya ankara imefunguka tupu. "Fundi, kazi zangu zimefutika!" Hazikuwa zimefutika. Programu ilikuwa inazitafuta D, na mashine mpya ilikuwa imeipa diski ile herufi E. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua sehemu ya kusimamia diski, ondoa D kwa chochote kilichoishika, kisha irudishie diski yako. Huko huko, Windows ikikuuliza kama uifomati au uianzishe upya diski, kataa, hata ikiuliza mara tatu. Folda ikikuambia huna ruhusa, kubali kuendelea na uiache ifanye kazi. Inatokea kwa folda zilizokuwa chini ya jina la mtumiaji wa zamani, na zenye faili nyingi zinachukua muda.

Diski ya Windows ya zamani ichomoe, iandike tarehe kwa kalamu ya maka na uiweke kabatini mwezi mzima, maana daima kuna kitu kimoja kimesahaulika, mara nyingi fonti za kadi za harusi. CPU ya zamani ukiiuza, iuze bila diski. Mnunuzi akilalamika, mpunguzie bei.