Kuunda glaida ya Shinden kwa mbao ya balsa na kuisawazisha mpaka iruke

Ukiitazama Shinden, ndege ya kivita ya Japani, kwa mara ya kwanza utadhani inarudi nyuma. Bawa kubwa liko nyuma, bawa dogo liko puani, na injini pamoja na propela ya mapanga 6 viko mkiani. Masayoshi Tsuruno, ofisa wa Jeshi la Majini la Japani, aliipanga hivyo ili pua yote ibaki kwa mizinga 4 ya mm 30, kwa kuwa kazi iliyokusudiwa ilikuwa kuzitungua B-29, ndege kubwa za Marekani za kudondosha mabomu. Iliruka kwa mara ya kwanza Fukuoka tarehe 3 Agosti 1945. Mpaka vita vinakwisha siku chache baadaye ilikuwa imepaa mara 3 tu, jumla ya dakika 45. Oda za viwandani zilikuwa tayari, lakini zilikamilika ndege 2 za majaribio tu na uzalishaji haukuanza.

Kabla ya ndege yenyewe, Wajapani walijenga MXY6, glaida (ndege zisizo na injini) 3 za mbao zenye umbo lilelile, ili wajue kama ndege yenye bawa dogo mbele inatii. Mfano tunaoujenga hapa unajibu swali hilohilo mezani kwako. Ndiyo maana maelezo mengi yatahusu uzito na mwinamo kuliko urembo: Shinden iliyokatwa vizuri lakini haikusawazishwa itapinduka kabla haijafika mita 3.

Kipimo ni 1 kwa 30. Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 11.11 na urefu wa mita 9.66, hivyo mfano una upana wa sm 37 na urefu wa sm 32. Unahitaji balsa ya mm 2 kwa mabawa, mm 1.5 kwa bawa dogo na mapezi (vibao vya wima vya mkiani), na mm 5 kwa bodi, yaani kiwiliwili cha ndege. Chagua balsa nyepesi kwa mabawa. Ukipata ubao mmoja mzito na mwingine mwepesi, ule mzito ufanye bodi. Mengine ni gundi nyeupe ya mbao, wembe mpya, rula ya chuma, msasa namba 240 na 400, pini, karatasi nyembamba, plastisini kiasi cha gramu 6, na mizani ya jikoni inayosoma sehemu za gramu. Kama balsa haipatikani, zile sahani za povu gumu za kufungia nyama zinafaa kwa mabawa, ila utalazimika kuanza upya kutafuta kiasi cha plastisini.

Anza na bodi. Chora mstari mmoja ulionyooka kutoka pua hadi mkia, maana vipimo vyote vinatoka hapo. Pua iwe na kimo cha sm 1 na iviringwe. Bodi ipande polepole hadi sm 4.5 kwenye chumba cha rubani, kati ya sm 12 na sm 16 kutoka puani, kisha ishuke hadi sm 1.5 mwishoni. Nyuzi za mbao zielekee urefu wa bodi. Upande wa juu, kati ya sm 3 na sm 6 kutoka puani, kata kitako bapa kilicho sambamba na ule mstari. Hapo ndipo bawa dogo litakapokaa.

Kila nusu ya bawa kubwa ina sm 8.5 katikati na sm 4 nchani, na urefu wa sm 18.5. Ukingo wa mbele urudi nyuma sm 7 kutoka katikati hadi nchani. Nyuzi ziende kwa urefu wa bawa. Ukizikata kwa upana, bawa litavunjika kwenye mtupo wa kwanza na hakuna gundi itakayoliokoa. Piga msasa ukingo wa mbele uwe wa mviringo na ukingo wa nyuma ubaki mm 1 hivi. Msasa uishie hapo, kwa sababu bawa lililopigwa msasa mpaka likawa kama karatasi hujikunja siku ya unyevunyevu.

Kuunga nusu mbili, laza moja mezani kwa pini, inua ncha ya nyingine mm 30, na upige msasa kingo za katikati mpaka zikutane bila mwanya. Tia gundi, uziache usiku kucha, kisha bandika ukanda wa karatasi wa sm 1.5 juu na chini ya maungio. Mm 30 upande mmoja ni sawa na mm 15 kila upande. Kimo hicho ndicho kitakachoirudisha ndege sawa ikiinama ubavu, kwa kuwa hakuna rubani wa kuirekebisha.

Bawa lipite ndani ya bodi. Kata kipande cha chini cha bodi kwa mstari ulio sambamba na mstari mkuu, gundisha bawa hapo ukingo wake wa mbele katikati ukiwa sm 17 kutoka puani, halafu rudisha kipande chini yake. Pima kutoka puani hadi kila ncha ya bawa: tofauti ikizidi mm 2, ling'oe kabla gundi haijakauka.

Mapezi ni mawili, nyuzi zikiwa wima. Kila moja lina kipande cha juu chenye kimo cha sm 4.5 na kipande cha chini cha sm 1.5, kitako kikiwa sm 4.5. Yakae sm 8 kutoka katikati ya bawa, sm 3 zikiwa juu ya bawa na sm 1.5 zikitokeza nyuma ya ukingo. Yawe sambamba kabisa na bodi. Pezi lililopinda mm 1 tu mkiani linatosha kuizungusha ndege mpaka ardhini. Vipande vya chini visikushangaze: katika majaribio ya awali, kabla haijapaa, ndege halisi iliinua pua mno na mapanga ya propela yakagusa ardhi, ndipo magurudumu madogo yakafungwa chini ya mapezi.

Sasa bawa dogo: mstatili wa sm 14 kwa sm 3. Usiligundishe bado. Liweke kwenye kitako chake, ingiza kijiti cha mm 2 chini ya ukingo wa mbele, kisha funga kwa pini na utepe. Kwa upana wa sm 3, mm 2 ni mwinamo wa nyuzi karibu 4 zaidi ya bawa kubwa, na tofauti hiyo ndiyo usalama wa ndege hii. Ndege ikiinua pua mno, bawa dogo ndilo linaloachana na hewa kwanza, yaani linapoteza nguvu ya kuinua, pua inashuka yenyewe na mwendo unarudi. Kama bawa kubwa lingetangulia kuishiwa nguvu hiyo, mkia ungeanguka huku pua ikitazama mbingu, na hapo hakuna marekebisho tena.

Weka alama mbili chini ya mabawa, karibu na bodi, sm 17.3 kutoka puani, yaani mm 3 tu nyuma ya mahali ukingo wa mbele unapokutana katikati. Inyanyue ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama. Bila uzito wa ziada mkia utashuka, kwa kuwa kitovu cha uzito kitakuwa karibu na sm 19.5. Bandika plastisini puani kidogokidogo mpaka bodi ilale sawa. Kwa balsa nyepesi ni gramu 2 hadi 3, na ndege nzima itakuwa na gramu 18 au 19. Nenda kwa uangalifu: nusu gramu puani inasogeza kitovu mm 4. Mipaka ya kuchezea ni sm 16.8 hadi 17.8. Ukivuka sm 18.5 hutaweza kuituliza hata ufanye nini kwenye bawa dogo, na aliyezoea ndege za mkia hunaswa hapa, maana mkono wake hutafuta kitovu katikati ya bawa kubwa.

Jaribu asubuhi kabla upepo haujaamka, juu ya nyasi ndefu. Shika bodi chini ya bawa, pua ikitazama chini kidogo, na isukume sawa kwa takriban mita 5 kwa sekunde. Usiirushe kama jiwe, wala usiielekeze juu.

Ikipiga mbizi moja kwa moja, ongeza nusu milimita chini ya ukingo wa mbele wa bawa dogo. Kumbuka kwamba kwa ndege hii mambo ni kinyume cha mkia: ukiinua ukingo wa mbele wa bawa dogo, pua inapanda. Ikienda kwa mawimbi, pua ikipanda na kushuka, bawa dogo linaachana na hewa kila mara, kwa hiyo punguza kijiti hadi mm 1.5. Ikijipindua ghafla na kuanguka kwa mkia, kitovu kiko nyuma mno. Ongeza plastisini na usiguse mwinamo. Ikigeuka upande mmoja, angalia mapezi kwanza, kisha ichungulie kutoka nyuma uone kama bawa limejikunja. Bawa lililojikunja lishikilie juu ya mvuke wa sufuria sekunde chache, likunjulie upande wa pili, ulishike hadi lipoe. Badilisha jambo moja tu kwa kila mtupo.

Ikishaenda sawa mitupo mitano mfululizo, gundisha bawa dogo pamoja na kijiti chake, ndipo uguse rangi: kijani iliyokolea juu, kijivu chini, duara jekundu kwenye mabawa na ubavuni. Paka kwa brashi karibu kavu. Bawa kubwa karibu lote liko nyuma ya kitovu, hivyo gramu 1 tu ya rangi inakirudisha mm 3 nyuma. Pima tena kwenye zile alama rangi ikikauka, na uongeze plastisini kabla ya kurusha. Propela ya mapanga 6 ikate kwa karatasi ngumu na uichomeke kwa pini wakati wa maonyesho tu. Ikibaki mkiani wakati wa kuruka inaongeza uzito mahali pabaya na kuvuta hewa bure.