Usiyatikise maji: kamera ya hologramu kwenye Ghuba ya Napoleon

Chukua bilauri safi, chota maji ya ziwa taratibu, uiweke dirishani jua likiwa nyuma yake. Utaona chembe zinaelea, nyingine kama vumbi, nyingine kama vipande vya pamba iliyochambuliwa. Sasa koroga mara tatu kwa kijiko. Ile pamba haipo tena. Tope ni lile lile, lakini maumbo yamevunjika, na umbo ndilo linaloamua chembe itazama upesi au itachukuliwa na mkondo. Kamera ya hologramu naipenda kwa sababu hii moja: inaziona chembe zikiwa ndani ya maji yao, kabla hazijachujwa wala kubanwa chini ya hadubini.

Mimi ni fundi wa maabara hapa Jinja, Uganda. Huondokea mwalo wa Masese na kufanya kazi kwenye Ghuba ya Napoleon, mahali ziwa linapojikusanya kabla ya kutoka kuwa Nile. Nawaandikia zaidi wenzangu wa Kisumu na Mwanza, maana Ziwa Victoria ni moja, hata kama sisi huku wengi tunaliita Nalubaale.

Kamera yenyewe haina lenzi ya kukuza. Upande mmoja kuna leza nyekundu ya nanomita 658, upande wa pili kuna sensa, yaani kitambuzi cha mwanga, na katikati kuna nafasi ya sentimita 5 ambamo maji hupita. Mwanga ukigonga chembe hutawanyika, ukakutana na ule uliopita moja kwa moja, na pale vinapokutana huchora miduara ndani ya miduara, kama jiwe lililotumbukia kwenye maji matulivu. Hiyo ndiyo hologramu. Kompyuta huirudisha nyuma kwa hesabu mpaka chembe yenyewe itokee, pamoja na umbali wake kutoka kwenye kioo. Wazo hili alilitoa Dennis Gabor mwaka 1947 alipokuwa akitafuta namna ya kuboresha hadubini ya elektroni, na mwaka 1971 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Sensa yangu ina pikseli 1600 kwa 1200, kila moja maikromita 4.4 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukizidisha eneo hilo kwa zile sentimita 5 unapata sentimita za ujazo 1.86, chini ya nusu ya kijiko cha chai. Picha moja kwa hiyo si ushahidi wa kitu chochote. Mimi hupiga 200 mahali pamoja, moja kila baada ya sekunde 5, na umbo la chembe iliyo chini ya maikromita 25 silisemei neno.

Kazi ya kesho huanza jioni ya leo. Jaza ndoo safi maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanya mvuke wake, ifunike, iache chumbani usiku kucha. Maji yaliyotoka kwenye friji huachia viputo vinavyong'ang'ania kioo, na maji ya joto mbili tofauti yakichanganyika huchora mawimbi kwenye picha nzima. Asubuhi futa vioo vyote viwili kwa karatasi laini ya lenzi na tone la sabuni, usuuze. Usifutie shati, hata likiwa jipya. Tumbukiza kamera ndooni, piga picha 20, kisha uzitafutie wastani: huo ndio usuli, picha ya maji matupu, utakaouondoa kwenye kila picha ya ziwani. Uangalie kwa macho yako kwenye skrini. Ukiona miduara iliyokaa pale pale kwenye picha zote 20, kioo bado kichafu. Rudia.

Nasisitiza hili kwa uchungu. Aprili mmoja, baada ya mvua kubwa iliyoleta udongo mwekundu mpaka katikati ya ghuba, nilirudi na picha 300, na kwenye kila moja alikuwepo "mdudu" yule yule, kona ya juu kulia, wa maikromita 400. Lilikuwa tone la mafuta. Tulishusha kamera upande wa tezi, karibu na injini, nami sikufungua hata picha moja hadi niliporudi nchi kavu. Siku hiyo yote nikaipoteza, na mvua ile haikurudi kunisubiri. Tangu hapo nashushia upande wa omo, injini ikiwa imezimwa, na picha tano za mwanzo nazitazama pale pale mashuani.

Kabla ya kushusha, teremsha sahani ya Secchi ya kupimia uwazi wa maji, ile yenye robo nyeupe na nyeusi. Ikipotea machoni kabla ya nusu mita, sentimita 5 ni nyingi mno kwa maji hayo: miduara itapandana na picha itafanana na mchele uliomwagwa sakafuni. Hapo weka kile kipande cha kioo kinachopunguza nafasi. Ghuba ya Murchison, ambako mfereji wa Nakivubo unaleta maji machafu ya Kampala na mwani unaota mzito, kipande hicho hukitoi. Kuongeza maji mengine ili kupunguza wingi wa chembe ni njia ya mwisho kabisa, na ukilazimika tumia maji ya ziwa lile lile yaliyochujwa kwa chujio la maikromita 0.2, uyamimine yakiteleza ukutani mwa chombo. Maji yaliyotoneshwa hapana, yanaweza kupasua viumbe laini.

Sasa shusha. Kamba iwe na alama kila mita. Kamera ikishaingia majini ilaze kidogo upande ili viputo vitoke, kisha iteremshe polepole, kama unayemlaza mtoto aliyesinzia. Nafasi ya katikati ielekee mkondo, maji yapite yakiwa mazima badala ya kugonga mwili wa kamera kwanza. Ukifika kina unachotaka, subiri dakika nzima kabla ya kuanza kuhesabu picha. Nahodha wetu, aliyezoea haraka za wavuvi wa mukene (dagaa), mwanzoni hakuipenda dakika hiyo. Nikamwonyesha picha mbili za mahali pamoja, moja kabla ya kusubiri na moja baada. Siku hizi yeye ndiye anayeshika saa.

Kwenye kompyuta, ondoa usuli, kisha iambie programu ipite kwenye maji kwa hatua ya milimita moja, ikitafuta mahali ambapo kingo za kila chembe zinakaza. Kizingiti cha kutenganisha chembe na mwanga usiiachie programu ikuchagulie. Chukua picha kumi, zihesabu kwa macho, ulinganishe. Ukizoea, utavijua vitu kwa sura. Kiputo ni duara kamili lenye nukta ing'aayo katikati. Mchanga ni mweusi na mgumu, una pembe. Microcystis, bakteria wa kijani-buluu, ni bonge lenye matundu kama sifongo. Kopepodi, mdudu mdogo wa majini aliye chakula cha mukene, ana mwili kama tone na papasi mbili ndefu. Bonge la tope lina kingo zilizochakaa na mwanga unapenya hapa na pale, mara nyingine linaburuta uzi wa mwani nyuma yake. Hilo ndilo lile la kwenye bilauri, na kijiko hakijaligusa.

Ukitaka kujua linazama kwa kasi gani, chota maji kwa mrija mpana, usiyapitishe kwenye pampu, uyatie polepole kwenye chumba cha kamera ukifunge juu na chini. Subiri yatulie. Punje ya mchanga ya maikromita 100 hushuka karibu sentimita moja kwa sekunde, na picha yangu ina kimo cha milimita 5.3 tu, kwa hiyo sitaiona mara mbili kamwe. Bonge jepesi la ukubwa huo huo laweza kubaki kwenye picha mbili tatu mfululizo. Pima limeshuka milimita ngapi, gawanya kwa sekunde zilizopita, na pembeni ya jibu andika joto la maji, kwa sababu mnato wa maji hubadilika pamoja nalo.