Mpira unakunja kulia? Rekebisha uso wa fimbo kwanza, miguu baadaye

Vijana ninaowafundisha gofu hapa Bagamoyo karibu wote huja na ugonjwa mmoja: slaisi. Mpira unaondoka vizuri, ukifika katikati ya safari unakunja kulia na kupotea. Dawa wanayojipa ni moja pia. Wanageuza miguu kushoto ili mpira "urudi". Unakunja zaidi, nao wanageuza tena. Mwongozo huu ni wa kuukata mzunguko huo. Nimeuandika kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Wewe mashoto, geuza kila kitu.

Kwanza elewa kinachotokea. Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Katika muda huo kuna maswali mawili: uso wa fimbo (ile sehemu bapa inayogonga mpira) unaangalia wapi, na fimbo yenyewe inapita njia gani. Zamani walimu walifundisha kwamba mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo, kisha humalizia ulikoangalia uso. Vipimo vya rada, kama vya kampuni ya TrackMan ya Denmark iliyoanzishwa mwaka 2003, vilionyesha vinginevyo. Uso ndio unaoamua kwa sehemu kubwa mpira uanzie wapi: kwa aini (fimbo yenye kichwa chembamba cha chuma) ni kama robo tatu ya uelekeo, kwa draiva (fimbo ndefu ya mapigo ya mbali) ni zaidi ya hapo. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso na njia.

Chukua mfano. Umegeuza miguu, fimbo inapita nyuzi 6 kushoto mwa shabaha. Uso umeangalia nyuzi 2 kushoto. Kwa macho unasema uso umefungwa, yaani umegeukia kushoto. Lakini ukiulinganisha na njia, uso huo uko wazi, yaani umegeukia kulia, kwa nyuzi 4. Mpira utaanza kama nyuzi 3 kushoto, halafu utakunja kulia, kama kona inayopigwa kwa kuzungushwa. Ndiyo maana kuhamisha miguu peke yake hakukuponyi: njia inazidi kwenda kushoto na pengo linapanuka.

Hatua ya 1: Chagua mahali na saa. Subiri maji yakupwe. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huenda mbali na kuacha mchanga mpana uliolowa na kushikana. Mchanga huo unafaa kuliko nyasi kwa sababu unatunza alama. Kipe kijiji cha Kaole kisogo, piga sambamba na ufuo, bahari iwe upande wa kulia wa mstari wako. Pata sehemu tambarare kabisa. Ukisimama kwenye mteremko wa kuelekea majini, mpira unakuwa chini ya miguu yako na utaelekea kulia hata kama umepiga sawasawa, utajilaumu bure. Nenda mapema, upepo ukiwa bado umetulia. Kaskazi ukivuma kutoka baharini huusukuma mpira kushoto na kuficha slaisi yako. Na usipige kabisa kama mbele kuna wavuvi, watoto wanaocheza au mtu yeyote anayepita. Mpira wa gofu ni mdogo ila ni mgumu, unaumiza vibaya.

Hatua ya 2: Chora mistari miwili. Mmoja unatoka kwenye mpira kwenda kwenye shabaha. Wa pili uchore sambamba na huo, upande wako, ndio wa vidole vya miguu. Wengi hulenga shabaha kwa miguu, na hapo mwili mzima unakuwa umeangalia kulia. Miguu iende sambamba na shabaha, isiielekee.

Hatua ya 3: Weka uso, kisha shika. Hapa usiwe na haraka. Chukua aini namba 7, laza ukingo wake wa chini uwe pembemraba na mstari wa mpira. Ukishaona uso umekaa, ndipo ufunge mikono. Anayeshika kwanza kisha akazungusha viganja ili uso "ukae" anajidanganya: wakati wa kupiga viganja vitarudi mahali pake pa kawaida, na uso utafunguka tena. Tazama mkono wako wa kushoto kutoka juu. Ukiona kifundo kimoja tu cha vidole, mshiko ni dhaifu kwa mwenye slaisi. Zungusha mkono kulia kidogo hadi uone viwili au vitatu. Badiliko hilo dogo limewasaidia wanafunzi wangu kuliko jingine lolote.

Hatua ya 4: Piga, kisha soma mchanga. Paka chaki usoni mwa fimbo kabla ya kila pigo. Ukishapiga, toka bila kuburuta miguu, uangalie vitu vitatu. Nyayo: je, zimefuata mstari, au ule wa kushoto umerudi nyuma? Alama ya fimbo: inaelekea wapi ukiilinganisha na mstari? Kumbuka huanza mbele ya mpira, wakati fimbo imeshaanza kurudi kushoto, kwa hiyo alama iliyoinama kushoto kidogo tu si kosa. Chaki: umegongea katikati? Kama umegongea pembeni, usihukumu kupinda kwa pigo hilo, rudia.

Sasa unganisha. Mpira umeanza kulia: uso ulikuwa wazi, rudi hatua ya 3. Umeanza kushoto ukakunja kulia: uso umeshafuata njia nusunusu, njia ndiyo inayohitaji kazi, rudi kwenye nyayo na mabega. Angalia pia mpira usiwe mbele mno, karibu na kisigino cha kushoto, kwa sababu aini ikifika hapo tayari inakata kuelekea kushoto.

Hatua ya 5: Upinde kwa makusudi. Kwa mpira wa kukunja kushoto, uso uangalie nyuzi 2 kulia mwa shabaha, miguu na mabega nyuzi 5 kulia. Kwa umbali wa mita 150, kila uzi mmoja ni kama mita 2.6, kwa hiyo usizidishe. Anayeweza kuukunja huku na huku akijua sababu ameshaelewa somo.

Hatua ya 6: Draiva ije mwisho. Uso wake umesimama wima zaidi, hivyo tofauti ileile ya nyuzi huukunja mpira mbali kuliko aini. Aini namba 7 ikishatulia, chukua draiva uende nayo kwenye viwanja vya gofu vya Lugalo au Gymkhana, Dar es Salaam. Kabla ya kuondoka ufukweni okota mipira yote, na fimbo uzisuuze kwa maji baridi ya bomba, chumvi isizile.